Salma, Uliza Uhuru Ule Ulikuwa wa Nani

Tanga

Mwanangu Salma,

Vuli zimechelewa, joto halisemeki, na maembe yameiva yote kwa mpigo mpaka tunagawia majirani. Bibi yako goti bado linamsumbua, ila kila asubuhi lazima aulize kama umekula. Rashidi ameanza kidato cha tano, mchepuo wa HGL, na amekwisha kuhamishia nusu ya vitabu vyangu chumbani kwake. Baba yako ataisoma barua hii kabla haijatumwa, na Rashidi ataisoma baada yake akijifanya hasomi. Wasome. Ninayotaka kukuambia hayana siri.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia. Unasema mwenzenu mmoja alisimama darasani huko Ottawa akasema Kanada, Australia na New Zealand zilipata uhuru wao kwa subira, kwa mikutano na sheria, bila tone la damu, na kwamba Afrika ingefuata njia ile leo isingekuwa na matatizo iliyo nayo. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, somo likaendelea. Wewe ukanyamaza, na usiku hukulala. Sasa unaniuliza kama aliyoyasema ni kweli, na kama ulikosea kunyamaza.

La pili nalijibu kwanza kwa kuwa ni jepesi. Hukukosea. Mtu asiyekuwa na hoja mkononi afadhali anyamaze kuliko apayuke. Lakini kunyamaza kuna mwisho wake, nawe unasomea sheria, kazi ya kusema. Kwa hiyo keti, tuanze mwanzo. Nusu ya maneno ya mwenzio ni kweli, na nusu hiyo yakupasa uijue vizuri kuliko yeye.

Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi tulipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Babu yako alikuwa na duka dogo Ngamiani. Tuliimba mpaka makoo yakakauka, bendera mpya ikapanda, na nilipoingia dukani baadaye nikakuta sumuni zilezile zina kichwa cha Malkia. Nikamuuliza babu yako mbona huyu bado yupo. Akanijibu, "Uhuru umefika, pesa bado ziko njiani." Alisema kweli kuliko alivyojua. Kwa mwaka mzima Malkia wa Uingereza aliendelea kuwa mkuu wa nchi yetu, na Sir Richard Turnbull, aliyekuwa gavana wetu, akawa Gavana Mkuu. Jamhuri tuliipata tarehe 9 Desemba 1962. Noti zenye jahazi badala ya Malkia zilikuja 1964, na shilingi yetu wenyewe 1966.

Nilipokuja kukalia kiti cha hakimu nikakutana na tarehe ambayo nawe utakutana nayo ukirudi: 22 Julai 1920. Sheria yetu inasema mpaka leo kwamba pale ambapo sheria zetu zimenyamaza, mahakama itazame sheria ya kawaida ya Uingereza, kanuni za usawa, na sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza siku hiyo. Mbele yangu wamesimama wakulima wawili, ng'ombe wa mmoja kala mahindi ya mwingine, nami natafuta jibu katika hukumu za majaji wa Kiingereza waliokufa kabla babu yako hajazaliwa. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba bendera hupanda usiku mmoja, lakini sheria huhama kifungu kwa kifungu. Basi mwenzio anapotaja subira na mikutano, simbishii. Ilikuwapo. Tuitazame.

Anzia Adelaide. Australia Kusini lilikuwa koloni la walowezi lenye bunge lake, na katika mahakama yake kulikuwa na jaji mgumu, Benjamin Boothby, aliyezibatilisha sheria za bunge lile moja baada ya nyingine kwa hoja kwamba hazipatani na sheria ya Uingereza. Walowezi wakapeleka malalamiko London. Jibu lilikuwa Sheria ya Uhalali wa Sheria za Makoloni ya 1865, iliyosema kwamba sheria ya koloni itakuwa batili pale tu inapogongana na sheria ya Bunge la Uingereza inayolihusu koloni lenyewe. Siku hizo ilikuwa nafuu kubwa. Baada ya miaka sitini nafuu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa kikwazo, maana ilikuwa bado inasema kwamba London ikitunga, huku kwingine kote kunapinda.

Kanada iliungana 1867, Australia 1901, New Zealand na Newfoundland zikaitwa dominioni 1907, Afrika Kusini ikaungana 1910, na Dola Huru la Ayalandi likaja mwishoni mwa 1922 baada ya vita vyake. Mambo ya ndani waliyaendesha wenyewe. Ya nje hawakuyaendesha. Tarehe 4 Agosti 1914 Uingereza ilipoingia vitani, Kanada, Australia, New Zealand, Newfoundland na Afrika Kusini ziliingia saa ileile, na hakuna bunge lao hata moja lililoulizwa. Kisheria hapakuwa na la kuuliza.

Bila tone la damu, alisema mwenzio. Mpeleke Beaumont-Hamel, kule Ufaransa. Tarehe 1 Julai 1916 kikosi cha Newfoundland kilitoka mahandakini kikiwa na watu kama 800. Kesho yake walioitikia majina yao walikuwa 68. Kanada nayo ilipoteza watu zaidi ya 60,000 katika vita vile. Damu hiyo ndiyo waliyoiweka mezani. Mwaka 1917 mkutano wa vita wa himaya ulipitisha azimio kwamba dominioni zitambuliwe kuwa mataifa yanayojitawala, na 1919 kule Paris zote isipokuwa Newfoundland zilitia saini mkataba wa amani kwa majina yao, zikaingia katika Shirikisho la Mataifa zikiwa wanachama kamili. Basi hata ile hadithi ya subira ina makaburi ndani yake, na ni kuwakosea waliozikwa humo kusema damu haikumwagika.

Hapa usipite haraka, kwa kuwa hapa ndipo sisi tunapoingia. Mmoja wa waliokaa meza ile ya Paris kwa niaba ya Afrika Kusini alikuwa Jan Smuts. Mwaka 1916 huyo ndiye aliyeongoza majeshi ya Uingereza dhidi ya Wajerumani katika nchi yetu, na mji wetu huu ulitekwa yeye akiwa mkuu wao. Nyuma ya majeshi yale walikwenda wapagazi wa Kiafrika na mizigo vichwani, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, kuhara na malaria. Kariakoo unakokwenda kununua vitenge imepata jina kwa kikosi chao. Walikufa katika vita vilevile, kwa himaya ileile, na hakuna aliyewaitia kiti Paris. Zaidi ya hapo, Afrika Kusini ilikabidhiwa Afrika ya Kusini Magharibi ya Wajerumani, Australia ikapewa New Guinea, New Zealand ikapewa Samoa, na Tanganyika ikapewa Uingereza. Nchi ambazo zenyewe hazijawa na mamlaka kamili kisheria zilikuwa tayari zinapewa watu wengine ziwatawale. Hilo likae kichwani mwako tunapoendelea.

Miaka ya 1920 ndiyo miaka ninayoipenda katika habari hii, kwa sababu watu walikuwa wanajifunza kusema hapana. Mwaka 1922 Uingereza ilikaribia kupigana na Waturuki kule Chanak, ikaomba askari kutoka dominioni. Waziri Mkuu wa Kanada, Mackenzie King, akajibu kwamba jambo hilo litaamuliwa na bunge la Kanada. Mwaka uliofuata likaja suala la samaki. Kanada na Marekani zilipatana juu ya uvuvi wa halibut, samaki wakubwa wa maji baridi ya Pasifiki ya kaskazini. Desturi ilitaka balozi wa Uingereza atie saini pamoja na mjumbe wa Kanada. Mackenzie King akakataa, na tarehe 2 Machi 1923 Ernest Lapointe akatia saini peke yake upande wa Kanada. Mkataba wa samaki, Salma. Hakuna aliyepiga ngoma siku ile. Lakini tangu hapo Kanada ilikuwa nchi inayoweza kufunga mkataba bila mtu mwingine kuushika mkono wake. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka 1926 mambo mawili yakaikumbusha Kanada mahali ilipo. Gavana Mkuu, Lord Byng, alimkatalia Mackenzie King ombi la kuvunja bunge, na nchi nzima ikagombana kama mtu aliyetumwa na Mfalme ana haki hiyo. Kisha ikaja kesi ya Nadan, iliyoanzia Alberta kwa makosa ya pombe. Tangu 1888 sheria ya Kanada ilikuwa imekataza rufaa za jinai kupelekwa kwa Privi Kaunsili, ile kamati ya majaji wa Mfalme kule London. Kamati ikasema katazo hilo ni batili, na sababu mojawapo ilikuwa ile sheria ya 1865. Bunge la Kanada lilikuwa limetunga, nchi ikafuata kwa karibu miaka arobaini, na sasa linaambiwa halikuwa na uwezo.

Mwishoni mwa mwaka huohuo viongozi wa dominioni walikutana London. Hertzog wa Afrika Kusini, jenerali wa zamani wa Makaburu, alitaka usawa uandikwe kwa wino. Waayalandi, Kevin O'Higgins akiwamo, walitaka hivyohivyo, na Mackenzie King hakuwa mbali nao. Kamati ya Arthur Balfour ikatamka kwamba Uingereza na dominioni ni jumuiya zinazojitawala, sawa kwa hadhi, hakuna iliyo chini ya mwenzake katika mambo ya ndani wala ya nje, zinazounganishwa na utii kwa Mfalme. Tamko si sheria, lazima ulijue hilo. Wanasheria wakakaa tena 1929, wakuu wakakutana tena 1930, na tarehe 11 Desemba 1931 ikapita Sheria ya Westminster.

Isome yenyewe. Ni fupi, vifungu kumi na viwili. Kifungu cha 2 kinaiondoa ile sheria ya 1865 juu ya sheria mpya za dominioni: kuanzia hapo sheria yao haitabatilika kwa kupingana na sheria ya Uingereza. Cha 3 kinawapa uwezo wa kutunga sheria zinazovuka mipaka yao. Cha 4 kinasema Bunge la London halitawatungia sheria tena ila wakiomba na kukubali wao wenyewe, na sheria hiyo itamke kwamba waliomba. Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo alikuwa Ramsay MacDonald. Jina hilo lishike, tutakutana nalo tena.

Utashangaa kwamba si wote walioikimbilia. Australia, New Zealand na Newfoundland ziliomba isiwahusu mpaka mabunge yao yaikubali. Australia ilikubali 1942, vita vilipokuwa vimewakaribia. New Zealand ilingoja mpaka 1947. Newfoundland haikukubali kamwe, na habari yake hunihuzunisha kuliko nyingine zote. Ilikuwa imekopa sana, sehemu kwa ajili ya vita vilevile vya Beaumont-Hamel, na samaki wakakosa bei. Wahenga walisema dawa ya deni kulipa, nayo haikuwa na cha kulipia. Mwaka 1934 bunge lake likaliacha jukumu, nchi ikaendeshwa na tume iliyoteuliwa London, na mwaka 1949 ikawa mkoa wa Kanada baada ya kura iliyopita kwa tofauti ndogo. Nchi iliyokuwa dominioni kamili iliupoteza utawala wake bila askari hata mmoja kuivamia. Rashidi, kama unasoma, hili liandike kwenye daftari lako.

Na Kanada yenyewe je? Kifungu cha 7 kiliiacha katiba yake ya 1867 mikononi mwa Bunge la London, kwa ombi la Wakanada. Serikali kuu na mikoa hawakuweza kukubaliana nani ashike uwezo wa kuibadilisha, basi wakawa kama ndugu waliorithi sanduku, wakashindwa kuaminiana, na ufunguo wakauacha kwa mwenye nyumba wa zamani. Uliendelea kukaa huko zaidi ya miaka hamsini. Malkia alitia saini tangazo la katiba mpya hapo Ottawa tarehe 17 Aprili 1982, mvua ikinyesha, na matone yakaupata wino. Serikali ya Quebec haikukubali mapatano yale. Ukienda kusoma karibu na majengo ya bunge, kumbuka kwamba kazi hiyo haijaisha.

Sheria ilipojaribiwa ilisimama. Mwaka 1939 Uingereza ilipotangaza vita tarehe 3 Septemba, Kanada ilingoja bunge lake, ikatangaza tarehe 10. Ayalandi ilibaki nje mpaka mwisho. Bunge la Afrika Kusini lilipiga kura, 80 kwa 67, Hertzog aliyetaka kutoingia akashindwa na Smuts akachukua uwaziri mkuu. Miaka ishirini na mitano kabla ya hapo hakuna hata moja katika hayo lililowezekana.

Sasa turudi kwa mwenzio. Hayo yote ni kweli, na mpongeze kwa kuyajua kama anayajua. Lakini muulize swali moja tu: uhuru ule ulikuwa wa nani?

Mwaka 1909, Bunge la Uingereza lilipokuwa linaijadili sheria ya kuunganisha Afrika Kusini, ujumbe ulisafiri kwenda London. Uliongozwa na W. P. Schreiner, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa koloni la Cape, na ndani yake walikuwamo Walter Rubusana, John Tengo Jabavu na daktari Abdullah Abdurahman wa Cape Town. Hawakuomba makuu. Waliomba ubaguzi usiandikwe katika katiba. Walikwenda kwa subira, kwa hoja, kwa mikutano, kwa njia ileile anayoisifu mwenzio. Sheria ikapita bila kuwasikiliza. Kinga waliyobakiwa nayo ni kwamba haki ya kura ya wasiokuwa Wazungu kule Cape isiondolewe ila kwa theluthi mbili za mabunge yote mawili yakikaa pamoja.

Mwaka 1936 bunge likawaondoa Waafrika wa Cape katika daftari la pamoja la wapiga kura. Mpiga kura mmoja, Ndlwana, akaenda mahakamani. Hukumu ikatoka 1937, nayo nakuagiza uisome ukiwa umetulia. Mahakama ya juu ya nchi ikasema kwamba tangu Sheria ya Westminster bunge la Afrika Kusini ni mwenye enzi, laweza kutunga kwa utaratibu wowote linaouona unafaa, na Ndlwana akashindwa. Na katika hukumu hiyohiyo jaji akatamka kwamba uhuru ukishatolewa haufutwi. Alikuwa anasema uhuru wa bunge mbele ya London. Mtu aliyesimama mbele yake alikuwa anafutiwa wake siku hiyo. Mimi nimekaa kwenye kiti cha hukumu sehemu kubwa ya maisha yangu, na sijasoma sentensi iliyonikaa moyoni kama hiyo.

Mahakama ile ilijirudi baadaye. Mwaka 1952, katika kesi ya Harris, ililikataza bunge kuwaondoa Machotara kwenye daftari bila ile theluthi mbili. Serikali ikaipanua Seneti kutoka viti 48 hadi 89, ikapata kura ilizozitaka, na 1956 ikawaondoa.

Usifikiri ni Afrika Kusini tu, hapo ulipo pia. Mwaka 1923 mkuu wa Wakayuga, wenyeji wa huko, Deskaheh, alivuka bahari kwenda Geneva kuomba Shirikisho la Mataifa lilitambue taifa lake la Haudenosaunee. Alikwenda mwaka uleule wa mkataba wa samaki. Kanada ilikuwa inaidai London haki ya kusema kwa jina lake, na wakati huohuo inamzuia Deskaheh asisikilizwe kwa jina la watu wake. Mwaka 1924 serikali ikalivunja baraza lao la jadi. Mwaka 1927 ikawa kosa kuchangisha fedha kwa ajili ya kudai ardhi ya wenyeji kisheria bila ruhusa ya serikali, na katazo hilo lilidumu mpaka 1951. Kwa hiyo siku ile ya Desemba 1931, Kanada ilipopewa uwezo wa kutunga sheria bila kuulizwa, wenyeji wa Kanada hawakuruhusiwa hata kuchanga nauli ya wakili. Kura ya bunge la taifa, bila sharti la kuacha hadhi yao, wengi wao waliipata 1960. Mwaka 1980 walipanda treni kutoka Vancouver, George Manuel akiwa kati ya viongozi wao, wakaja hapo Ottawa kusema katiba haitarudishwa nyumbani bila wao. Kifungu cha 35 cha katiba ya 1982, kinachotambua haki zao, hakikuangushwa na mvua. Kilidaiwa.

Na pale anaposema Afrika ingefuata njia ile, mwambie ilifuatwa. Rhodesia ya Kusini ilipewa serikali yake 1923, serikali ya walowezi, na walowezi haohao walijitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965 ili Waafrika walio wengi wasitawale. Kule Kenya Lord Delamere na wenzake walitamani kitu hichohicho. Kilichowazuia ni tamko la Devonshire la 1923, lililosema maslahi ya Waafrika ndiyo yatatangulia. Lilitolewa katika ugomvi wa walowezi na Wahindi, na utekelezaji wake ulikuwa haba, lakini lilikuwa mlango ambao walowezi walishindwa kuuvunja. Fikiria ungevunjika. Majirani zetu wangepata mamlaka kamili kisheria miaka mingi kabla ya 1963, na mababu wa rafiki zako wa Mombasa wasingekuwamo.

Ukifika maktaba, weka Sheria ya Westminster upande mmoja na Sheria ya Uhuru wa Tanganyika ya 1961 upande wa pili. Utakuta katika jedwali lake sheria ya 1865 inaondolewa na sheria zetu zinakingwa zisibatilike kwa kupingana na sheria ya Uingereza, takriban kwa maneno yaleyale ya 1931. Njia waliyoifungua walowezi tuliipita na sisi. Na Gavana Mkuu wa Kenya huru kuanzia 12 Desemba 1963 alikuwa nani? Malcolm MacDonald, mtoto wa yule Ramsay, ambaye mwaka ule wa 1931 alikuwa naibu waziri katika wizara ya dominioni. Tofauti yetu ni kwamba karatasi yetu ilipokuja, mtu wa kijijini Pangani alikuwa ndani yake.

Lakini sikiliza, nawe usije ukasimama darasani ukatusifu sisi peke yetu. Mwaka 1962, mwaka wetu wa kwanza wa kuwa na enzi, bunge letu lilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Haki za raia ziliingia katika katiba ya Tanzania 1984, na mahakama zikaanza kuzilinda 1988. Swali la uhuru wa nani haliulizwi kwa Wazungu tu. Ukilipeleka kwa mwenzio, ujue na wewe utaulizwa, na jibu lako liwe tayari, la kweli, bila kujitetea.

Basi nakuagiza hivi. Usimwendee mwenzio kwa hasira, wala usimwaibishe mbele ya watu. Huenda hakufundishwa, na mtu asiyefundishwa hufundishwa. Nenda kwa mwalimu wako ofisini, umsalimu, umwombe nafasi ya kuzungumza darasani kipindi kijacho. Usiende na ulimi mtupu. Chukua Sheria ya Westminster, hukumu ya Ndlwana, na kile kifungu cha 1927 cha sheria ya wenyeji wa Kanada. Soma tarehe zake kwa sauti, kwa mpangilio, na uache darasa lizisikie. Kama mwalimu atakukatalia, andika makala. Kama ataipa alama ndogo, andika tena. Ukiona moyo unaenda mbio ukiwa umesimama, kunywa maji, usikimbie kumaliza; marehemu babu yako alikuwa akisema mwenye haki haongei mbio.

Na ule, mwanangu. Najua unaruka chakula cha mchana, mama yako kaniambia. Ukipata muda nenda kawasikilize wenyeji wa hapo. Wahaudenosaunee hawako mbali na mji wako, na wao ndio watakaokueleza mambo ambayo vitabu vyangu havina. Makala yako nitumie kabla hujaikabidhi, hata kama ni saa nane za usiku kwetu. Nitaisoma, na pale ulipoandika "uhuru" bila kusema wa nani, nitapiga mstari.

Baba yako anasema ada ya muhula ametuma, angalia benki Jumatatu. Bibi anakuombea dua.

Wako akupendaye,
Shangazi